Bluzi ya Bebe

Juma lililopita jirani yangu hapa Mweso aliweka mawe manne ya radio, betri zilizochoka, juu ya kipande cha bati, chini ya dirisha langu, ili jua liyarudishie nguvu kidogo. Siku hizi ni wachache wanaofanya hivyo. Vijana wana simu na vipaneli vya jua, na ukiwaambia kwamba zamani betri iliyokufa ilianikwa kama maharagi, wanakutazama kwa huruma. Lakini ninyi mliokua wakati wangu mnaijua harufu inayotoka pale mawe yakishapata moto: harufu ya chuma na chumvi, kama kiganja cha mtu aliyeshinda na jembe. Nilikuwa nakunja nguo za watoto. Harufu ikaingia, na kabla sijajua kinachonipata nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda nikiwa na wivu, wivu mbichi wa mtoto wa miaka tisa, kana kwamba binamu yangu Bebe amepita mlangoni sasa hivi na gita la baba yangu mkononi.

Wakati huo tulikaa Karuba, juu kidogo ya kanisa, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka watoto wamekwisha kufika shuleni. Papa alilima maharagi na mihogo kwenye mteremko uleule alioulima babu, na siku ya Mungu alipiga gita katika kwaya. Gita lenyewe lilikuwa la mbao nyekundu, limepasuka ubavuni na kuzibwa kwa gundi, na lilitundikwa kwenye msumari juu ya kitanda cha wazazi, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza na binti wa pekee. Wadogo zangu wawili walikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nilijiona mrithi wa gita lile bila mtu yeyote kuniambia hivyo. Mara tatu nilimwomba Papa anifundishe, na mara tatu alinishika vidole akavitazama kama anavyotazama miche kabla ya kuipanda.

"Bado, Mapendo," alisema. "Ile kamba itakukata. Ngoja kwanza bidole bikomae."

Basi nikangoja. Kila jioni, nikiwa nimekaa jikoni, nilibonyeza ncha za vidole kwenye ukingo wa kiti cha Mama mpaka zikafa ganzi, ili vikomae upesi.

Kisha akaja Bebe.

Alikuja na lori, katika miezi ya mvua, amekaa mbele pamoja na baba yake, ambaye kwetu alikuwa Papa mudogo, mdogo wake Papa. Papa mudogo alikuwa shofa. Alipakia bidhaa Goma na kuzipeleka Mubi, kule kwenye msitu wa Walikale, siku nyingi za matope kwenda na nyingi za kurudi. Mke wake alikuwa amefariki miezi michache iliyotangulia, na mtoto wa miaka kumi hawezi kulelewa ndani ya kabini ya lori. Jina la kweli la Bebe lilikuwa Riziki, lakini kwa kuwa hakuna mtoto mwingine aliyemfuata, jina la utotoni lilimganda. Alishuka akiwa amevaa bluzi nyeupe yenye kola ya lasi, iliyoshonwa na fundi wa Mubi, na juu yake sweta mbili, maana alikuwa hajawahi kuona baridi. Mkononi alishika kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani ya kitambaa kulikuwa na kaseti.

Baba yake alipotaka kuondoka, Bebe alishika mlango wa lori akalia bila sauti, machozi tu, huku akimtazama usoni. Papa mudogo akachuchumaa kwenye matope, akamwambia neno sikioni. Sikulisikia. Nilichoona ni kwamba Bebe aliuachilia mlango palepale, akafuta uso kwa mkono wa sweta, akasimama wima kama mtu aliyepewa kazi. Nikajua ameahidiwa kitu kizuri sana, na nikaanza kukitamani kabla ya kujua ni kitu gani.

Siku mbili hakula. Mama alimpikia sombe ya majani ya mihogo, akampikia viazi, akamtafutia hata kipande cha fromaji, jibini, kwa jirani mwenye ng'ombe, kitu ambacho mimi nilikionja siku ya Noeli tu. Bebe alitazama sahani na kusema asante, na sahani ikarudi jikoni ilivyokuwa. Siku ya tatu, tulipotoka shuleni, Papa alichukua ile kaseti, akaipuliza vumbi, akaitia kwenye radio.

Nilikuwa sijawahi kusikia kitu kama kile. Nyimbo zetu za kwaya zilitembea, hii ilikimbia. Gita lilitangulia peke yake, likirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa asubuhi, kisha ngoma ikaingia chini yake, kisha mtu akaanza kuimba kwa sauti ya kukwaruza, sauti ya mzee aliyekula pilipili na akaifurahia. Akisema neno, gita linamjibu. Akinyamaza, gita linamalizia. Kwenye karatasi ya kaseti alionekana mtu mweusi, mnene, mwenye kofia, amelikumbatia gita lake na anacheka macho yakiwa yamefumbwa. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza kwa kasi zaidi, na mguu wa Papa ukawa unagonga sakafu peke yake.

"Hii banaitaka bluzi," Papa alisema. "Kuko bluzi ya kulia na kuko ya kufurahi. Hii njo ya kufurahi."

Mimi nilijua bluzi moja tu duniani, ile inayovaliwa. Nikamtazama Bebe na kola yake ya lasi, na jambo likaeleweka kabisa: huko Mubi, mtu akishonewa bluzi nzuri kama ile, anapewa na muziki wake. Mimi nilikuwa na fulana ya mitumba. Ningepewa muziki gani?

Halafu ukaja wimbo wa tatu, na katika wimbo wa tatu yule mtu akamwita. Alisema waziwazi, Bebe. Gita likajibu. Akasema tena, Bebe, kwa sauti ya kubembeleza, kama mtu anayemwita mtoto aje apokee kitu. Nilihesabu mpaka vidole vya mikono yote miwili vikaisha. Bebe aliinua uso kwa mara ya kwanza tangu alipofika.

Papa akatabasamu. "Unasikia? Anakuita."

Alikuwa anatania, lakini mimi sikusikia utani. Nilisikia baba yangu mwenyewe akithibitisha kwamba hata mtu aliye ndani ya radio, mtu wa mbali ambaye hajawahi kufika Karuba, kati yetu sisi wawili amemchagua yeye.

Siku iliyofuata Papa alilitoa gita msumarini akaliweka kwenye mapaja ya Bebe.

Nilikwenda nikasimama mbele yao. Nikachukua mkono wa Bebe bila kumwomba, nikabandika kiganja changu juu ya kiganja chake. Vidole vilikuwa sawasawa.

"Papa, angalia," nilisema. "Bidole byake biko kama byangu tu."

Papa alitazama viganja vyetu, akavitenganisha. "Mwache, Mapendo," alisema mwishowe. "Wende usaidie mama yako kuchambua maharagi."

Leo nina watoto, na ninajua alichokuwa anafanya. Bebe alikula siku ile. Alikula viazi vitatu na kuomba chumvi. Mtu mzima anayemwona mtoto anazama hamwulizi kama vidole vyake vimekomaa. Lakini mimi nilikuwa jikoni na ungo wa maharagi mapajani, na nilichokiona ni kwamba nimengoja zamu yangu tangu nilipoanza shule, na mtu mwingine ameshuka kwenye lori akapewa.

Kuanzia hapo kila alasiri ilikuwa namna moja. Papa akirudi shambani ananawa miguu, anaketi na Bebe sebuleni, wanasikiliza kaseti kidogo, wanaizima, wanatafuta sauti kwenye kamba, wanairudisha kaseti nyuma kwa kuizungusha na kalamu ya biki ili mawe yasiishe, wanasikiliza tena. Siku zote ni ule wimbo wa tatu. Papa alijua namna ya kwaya, sauti nne tano za kushikilia waimbaji, basi. Ile mikimbio ya gita ilimshinda, na Bebe ndiye aliyeanza kuikamata, sauti moja leo, mbili kesho, akiwa ametoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo. Papa alicheka kwa furaha ambayo nilikuwa sijawahi kumpa. Jikoni kwetu kulitengwa na sebule kwa ukuta wa mbao zilizoachana. Niliketi karibu na ufa mmoja nikichambua maharagi yaliyokwisha kuchambuliwa, na nikajiambia kwamba naziba masikio.

Nilimfanyia mambo. Nilimwambia kwamba ukungu wa Karuba unakula watoto waliozaliwa msituni. Nilimwonyesha njia ndefu ya kwenda kisimani na kumficha ile fupi. Shuleni, walipouliza yule ni nani, nilisema ni mgeni tu, atarudi. Bebe hakunishtaki kwa Mama hata mara moja, na hilo nalo nililichukia.

Siku moja ya Alhamisi wote walikwenda shambani kuvuna. Mimi nilibakizwa nyumbani kwa sababu nilikohoa, na kikohozi kile nilikuwa nimekisaidia kidogo. Nilikuwa nimemwona Papa akirekodi kwaya: unaziba vile vitundu viwili juu ya kaseti kwa karatasi iliyotafunwa, unabonyeza vifungo viwili kwa pamoja, unasema karibu na radio. Nilichofikiri, na ninaomba mniamini maana hakuna mtu aliyeniamini siku ile, ni kwamba sauti yangu itaingia mle ndani alimo yule mtu. Sikutaka kumfukuza. Nilitaka anijue. Alikuwa amemjua Bebe kwa sababu kaseti ilikaa kwao Mubi. Basi na mimi nikimtajia jina langu mara nyingi, kwa adabu, ataliweka katika wimbo.

Nilibonyeza. Radio ikanyamaza kabisa. Nikafikiri, ananisikiliza.

"Mapendo," nilimwambia. "Naitwa Mapendo." Nikangoja kidogo, nikarudia. Nilitaka nipate nafasi katika kila wimbo, si ule wa tatu peke yake, kwa hiyo nilikaa pale nimepiga magoti mbele ya radio mpaka upande wote wa kwanza ulipokaribia kuisha, nikitaja jina langu, na katikati nikamweleza kwamba mimi ni wa darasa la tatu, na kwamba gita ni la baba yangu.

Kisha nikarudisha kwa kalamu, nikasikiliza. Hapakuwa na gita. Hapakuwa na ngoma. Palikuwa na mvua ndogo juu ya bati, kuku wa Mama, pumzi yangu, na sauti nyembamba ya mtoto anayesema Mapendo, Mapendo, kama mtu aliyepotea anayejiita mwenyewe. Nilipeleka mbele, nikapeleka mbele tena. Yule mtu alikuwa ameondoka.

Mvua ilikuwa imekatika. Niliyatoa mawe kwenye radio nikaenda kuyaanika juani juu ya bati la kuku, nikiamini kwamba huenda yamechoka tu, na yakipata nguvu atarudi. Nilichuchumaa karibu nayo, nikanusa ile harufu, nikawasikia wanapanda njia.

Papa aliyarudisha mawe kwenye radio, akaitia kaseti kama kawaida. Sauti yangu ilipotoka, Mama alicheka, akafikiri ni mchezo. Papa alipeleka mbele. Mapendo. Akapeleka tena. Ninaitwa Mapendo. Hakuna aliyecheka tena.

"Nani njo alifanya hii?" Papa aliuliza, ingawa jina la aliyefanya lilikuwa linatajwa mbele yake.

"Njo miye."

"Juu ya nini?"

"Nilitaka aniite na miye."

Papa alifunga macho. Nilitegemea kofi, na ningelipokea vizuri zaidi kuliko kilichofuata, maana kilichofuata ni kwamba Bebe aliliweka gita chini taratibu, akatoka nje, akaketi juu ya rundo la maharagi yaliyotoka kung'olewa, akaanza kulia kwa sauti. Alikuwa hajalia hivyo siku lori lilipoondoka. Mama alimfuata, na mimi nikamfuata Mama kwa mbali.

"Ni kaseti tu, mwana wangu," Mama alimwambia. "Papa yako ataleta ingine."

"Hatakuya," Bebe alisema. "Alisema nikijua kupiga ule wimbo wa tatu wote, njo atakuya kunichukua. Sasa nitaujulia wapi?"

Hilo ndilo neno aliloambiwa sikioni. Nilisimama pale kwenye kona ya nyumba. Miezi yote hiyo nilidhani anajifunza ili anichukulie baba, nyumba na msumari wa gita. Kumbe alikuwa anajifunza ili aondoke. Ningemwacha tu, angeondoka. Nilichofanya mimi ni kumfungia mlango ambao nilitamani autumie.

Baadaye Papa aliniita, akaniketisha kando yake kwenye benchi. Alinieleza kwamba kaseti si dirisha, na kwamba yule mtu hakumwona Bebe wala hakumjua. "Kwa luga yao, bebe ni mupenzi," alisema. "Alikuwa anaita mupenzi wake tu. Haiko muntu wa hapa." Akaniangalia kana kwamba kuna kitu amekigundua palepale. "Mupenzi, mapendo. Hata wewe alikuwa anakuita kidogo." Ilikuwa kauli ya kunifariji, na iliniumiza kwa siku nyingi.

Sijui ni siku ya ngapi. Bebe alikuwa kwenye ngazi ya mlango na gita, akipiga zile sauti alizokuwa amezikamata, mwanzo wa wimbo tu, kisha anakwama, anarudi, anakwama palepale. Mimi nilikuwa jikoni. Alipokwama mara ya tano au ya sita, mdomo wangu uliendelea peke yake. Ti-ri-ri, ta, ti-ri-ri-ra. Niliendelea mpaka mahali yule mtu alipokuwa anapumua, nikapumua na mimi, nikaendelea.

Bebe akaja mlangoni. "Uko najua?"

Nilijua. Nilijua wimbo wote, kila mkimbio, kila jibu, hata mahali gita lilipokosea kidogo na kujisahihisha. Kwa miezi ile yote nikijidai kuziba masikio kwenye ufa wa ukuta, wivu ulikuwa umeokota kila kitu, haukuacha hata punje. Papa alikuwa anasikiliza akicheka, Bebe alikuwa anasikiliza akitafuta kamba. Mimi peke yangu nilisikiliza kama mtu anayepeleleza.

Tukaanza. Mimi kwa mdomo, yeye kwa vidole. Niliimba kipande kifupi, akakitafuta, nikamwambia siyo, panda kidogo, hapo, hapana, shuka. Sikujua jina la sauti yoyote, wala sikushika kamba hata moja, lakini aliyeulizwa alikuwa mimi. Papa alipita akitoka kunawa, akasimama, akatusikiliza. Mama akanipunguzia maharagi. Njia fupi ya kisimani nilimwonyesha Bebe katika juma hilohilo, na yeye akaniambia habari za Mubi: maduka yanayopiga muziki yote kwa wakati mmoja, pikipiki zinazobeba godoro na mbuzi na watu wawili, joto linalokufanya ulale bila shuka, na mama yake, ambaye alipenda kucheza nyimbo za kaseti ile akiwa na mwiko mkononi. Tulilala mgongo kwa mgongo, na baridi ikampungua.

Hapo ndipo wivu wangu ulipobadilika sura, na hii ndiyo sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Tulikuwa tumebakiza kipande kimoja, ule mwisho ambapo gita linapanda mara tatu, linasita, kisha linashuka likicheka mpaka chini. Niliujua mwisho ule kuliko sehemu nyingine zote. Nikamwambia nimeusahau.

"Kumbuka," Bebe alisema.

"Miko nakumbuka. Bado haiyi."

Kila siku aliniuliza, na kila siku nilikunja uso kama mtu anayetafuta. Wimbo ukiisha angeondoka. Na hata kama baba yake asingekuja, wimbo ukiisha asingekuwa na haja nami. Nilikuwa nimeonja kuwa mtu anayeulizwa, na sikuwa tayari kurudi kuwa mtu wa jikoni. Niliubana mwisho wa wimbo ule mdomoni kama pipi, wiki baada ya wiki. Barabara ya Walikale ilikuwa imefungwa wakati huo, jinsi inavyofungwaga, na Papa mudogo hakuwa ameleta hata salamu. Papa alipanda kila siku mpaka kwenye kona inayoona barabara, akarudi peke yake. Mimi nikaona hakuna haraka.

Lori lilikuja siku ya Jumamosi mchana, bila kutanguliwa na habari. Papa mudogo alishuka amekonda, macho mekundu, ndevu zimeota ovyo. Alikunywa maji vikombe viwili akiwa amesimama. Alimshika Bebe kichwani, akamwambia amekuwa mrefu. Halafu akamwambia Papa kwamba barabara imefunguka lakini hajui kwa siku ngapi, kwa hiyo ataondoka asubuhi.

Bebe alikwenda chumbani, akapanda juu ya kitanda, akalitoa gita msumarini mwenyewe. Akaketi kwenye benchi mbele ya baba yake akaanza wimbo wa tatu.

Papa mudogo alikuwa anafungua viatu. Aliacha kiatu kimoja kikiwa nusu. Sijui kama nimewahi kumsikia tena Bebe akipiga vile. Ilikuwa safi, ilikuwa na mwendo, unaweza kuisikia na ile ngoma ambayo haikuwepo. Mama alisimama na mtoto mgongoni akaanza kuyumba bila kujua. Kisha Bebe akafika mahali, akasimama.

Baba yake alingoja. "Inaishia hapo?"

"Apana. Nafikaka hapa tu," Bebe alisema. "Ile ingine iko kwa Mapendo."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa mlangoni mwa jikoni, ungo mkononi. Bebe hakuwa ananishtaki. Alisema tu jambo lilivyo, kama mtu anayesema maji yako ndani ya mtungi. Na alikuwa ananitazama kwa namna ambayo nilielewa kwamba alijua. Alijua tangu zamani kwamba sijasahau. Alikuwa amengoja nimpe.

Nilitaka kusema bado haiji. Neno lilikuwa tayari. Nilimtazama Papa mudogo na kiatu chake nusu, mtu ambaye ni wazi hakukumbuka alichomwambia mwanawe kwenye matope yale, na nikaona kwamba nikinyamaza atafunga kiatu, atalala, ataondoka, na Bebe atabaki wangu.

Nikaimba. Ilipanda mara tatu, ikasita, ikashuka. Sauti yangu ilikatika katikati nikaanza upya. Bebe aliusikiliza mara moja tu, akainama juu ya gita, akaupiga mpaka chini.

Bebe akaweka mikono juu ya kamba.

"Nimejua yote," alimwambia baba yake.

Papa mudogo alimtazama kaka yake kana kwamba anaomba msaada. "Nilisema vile juu aache kulia," alisema polepole.

"Yeye hakujua," Papa akajibu. "Yeye alifanya kazi."

Papa mudogo alimaliza kuvua kiatu. Halafu akajipangusa uso kwa viganja viwili. "Bon," alisema. "Tante yake, dada ya mama yake, iko pale Mubi. Nikikuwa barabarani, atakaa kwake. Nikirudi, tutakaa wote." Akamgeukia Bebe. "Ufunge bitu byako."

Waliondoka asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala. Mama aliwafungia mkungu wa ndizi na viazi vya kuchemsha. Bebe alinikumbatia haraka, jinsi watoto wanavyofanya wakiwa wameshafika kule wanakokwenda, akapanda mbele. Nilitegemea atageuka. Lori lilipoanza kushuka, niliona kupitia kioo cha nyuma kichwa chake kimeelekea kwa baba yake, na mdomo unasema, unasema, haunyamazi, mambo ambayo sijayajua mpaka leo.

Alasiri ile Papa alirudi shambani, akanawa miguu, akaingia chumbani, akatoka na gita. Aliliweka kwenye mapaja yangu bila kunitazama vidole. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani.

"Sitaki," nilisema.

Alifikiri nimechoka, akaniambia basi tutaanza kesho. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nawaza Mubi, maduka yake na pikipiki zake, na watu wake wanaopita barabarani kwa shughuli zao, ambao wakati wowote sasa wangesikia mtoto anapiga gita kwenye baraza la tante yake, wakasimama, wakasikiliza mpaka mwisho, wakaendelea na safari. Sikumjua hata mmoja wao, na niliwaonea wivu wote.